Shikamoo Haitolewi Juu ya Baiskeli

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi, Careen, mwanafunzi wa kidato cha tano, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na dakika kumi tu kwenye kompyuta ya maktaba, na fomu ya mbio za baiskeli za milimani ilikuwa imefunguka yenyewe. Kilomita tisini, kutoka Msamala, hapa Songea, hadi juu kabisa kwenye milima ya Umatengo, karibu mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari. Nikamwandikisha Sista Kunegunda, mlezi wetu wa nidhamu, umri miaka hamsini na sita. Penye uzoefu nikajaza: "Bingwa wa masista, Kanda ya Kusini."

Waandaaji wakampigia simu kumpongeza.

Sista hakufoka. Aliniita ofisini, akanisomea barua aliyokwisha kuipiga muhuri: "Mzazi, mwanao hana adabu. Njoo umchukue, akae nyumbani mwezi mmoja." Kisha akanionyesha fomu. Mbio zilikuwa za wawili wawili, na nafasi ya mwenzi, ambayo mimi niliiacha wazi, sasa ilikuwa na jina langu.

"Tukivuka mstari pamoja kabla ya saa kumi na mbili jioni, naichana," alisema. "Tusipovuka, baba yako anaipata Jumatatu."

Baba yangu, Mzee Sixbert, huadhibu kwa visiki. Mwezi mmoja wa kung'oa visiki shambani, bila kusemeshwa. Nikachagua mlima.

Tuliondoka Msamala saa kumi na mbili asubuhi, Sista kavaa kofia ngumu juu ya shela na trakisuti chini ya gauni. Alikanyaga pedali kama mtu anayedaiwa na shetani. Nikaanza kuwa na matumaini. Yalidumu hadi Maposeni, ambako mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya njia na jembe lake.

"Shikamoo babu!" nikapaza sauti, nikapita.

"Careen! Rudi!"

Nikarudi.

"Shikamoo haitolewi juu ya baiskeli. Shuka."

Tukashuka. Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina. Shikamoo. Marahaba. Mzee akauliza habari za masista, za wanafunzi, kisha mbolea. Sista akajibu moja baada ya nyingine, huku washindani wakitupita na kututimulia vumbi.

Mbele kidogo walikuwa akina mama watano wanapukuchua mahindi. Nikashuka, kweli nilishuka, nikasema kwa mkato, "Shikamooni!"

"Unawasalimia kama lundo?" Sista akaniuliza. "Mmoja mmoja."

Hadi kilomita ya arobaini nilikuwa nimeshuka mara kumi na tisa. Nilianza kuwachukia wazee wa mkoa mzima, nikatubu, nikawachukia tena. Kisha milima ikaanza. Hewa ikawa haba, kifua kikawaka, mapaja yakagoma. Na kila kona, Mungu ni shahidi, palikuwa na bibi.

"Sista, huyu amelala!"

"Basi tutamwamkia taratibu."

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili tukauona mstari. Mteremko mfupi, watu wanashangilia, saa kubwa juu ya meza. Na kabla ya mstari, kwenye viti vya plastiki, wazee sita wa kijiji.

Miguu yangu, iliyofundishwa jambo moja tu tangu alfajiri, ikalitenda. Nikashuka, nikapiga goti mbele ya mzee wa kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Umetoka Songea na kibaiskeli hiki?"

Hapo kitu cheusi na cheupe kikapita kama kombora.

"Shikamooni nyooote!" Ilikuwa sauti ya Sista Kunegunda. Hakugusa ardhi. Alivuka mstari, akageuka, akaona yuko peke yake.

"Careen! Acha adabu! Njoo!"

Lakini mkono ulikuwa bado umeshikwa, na huwezi kumnyang'anya mzee mkono wako.

"Na baba yako nani?"

"Sixbert, babu."

"Yule wa mahindi?"

"Careeeen!"

Tulichelewa kwa sekunde arobaini.

Sista aliketi kwenye nyasi, akavua kofia, akaitoa barua. Aliisoma yote. Alipofika kwenye "hana adabu" akasita, akawatazama wale wazee, ambao walikuwa bado wananisifu kwa sauti, kisha akanitazama mimi kwa hasira ambayo sijawahi kuiona hata siku bweni lilipofurika maji.

"Siwezi kumwandikia mzazi uongo," alisema, akaichana vipande vinne.

Nikaona ni vyema nikamilishe. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Sista."

Sista akavikunja vile vipande vinne kiganjani.

"Marahaba," akasema, meno yakiwa yameumana.