Mashanza na kichwa cha Aurore

Katika mtaa mzima wa Ibanda hapakuwa na mtu aliyemshinda Aurore kwa maneno. Alifundisha kemia ya mwili katika chuo cha wauguzi, na hata wanafunzi wasinziaji walikaa macho akifungua kinywa. Kwa hiyo waasi walioushika mji walipomkamata mume wake, Bisimwa, ukoo mzima ulimgeukia yeye. Jirani alikuwa amesema Bisimwa aliwapelekea dawa wapiganaji wa Mai-Mai, maadui wa waasi hao. Ulikuwa uongo, lakini uongo wenye mashahidi. Komanda akatuma neno: mke wake aje asubuhi ajieleze. Asiporidhika, Bisimwa atapanda lori la Minova pamoja na wafungwa wengine, na waliopanda lori lile hakuna aliyejua walikofikia.

Wanaume wa nyumbani hawakuthubutu kwenda. Mwanaume aliyefika kuulizia ndugu yake alipandishwa naye.

"Weye ndiye avoka yetu, mwenye kututetea, shemeji," alisema Modeste, mdogo wa Bisimwa. "Umumwangie yule komanda maneno mupaka aombe maji."

Asubuhi, kabla Aurore hajatoka, mama mkwe wake, M'Zagabe, akaingia. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Walungu, akijificha porini kila barabara ilipofungwa, na kibuyu cha mashanza mgongoni. Mashanza ni jibini laini ya Bashi, kabila lao. Haya yalitoka kwa ng'ombe wake wa mwisho, na ng'ombe huyo alikuwa ameshaliwa na askari.

"Kula, mutoto yangu. Ni fungu ya bwana yako. Yeye haiko, weye utamukulia."

Aurore alinusa, harufu ikamchoma puani. Yalikuwa yamekaa mno. Ndani ya maziwa mna protini, na ndani ya protini mna asidi amino iitwayo tirosini. Bakteria wakiachiwa muda huigeuza kuwa tiramini. Watu wengi huila, ini likaivunja, wakaenda zao. Aurore hakuwa na maabara ya kumwambia mwili wake una kasoro gani. Alijua tu kwamba mara nyingi akila mashanza ya siku nyingi, kipandauso humwangusha.

"Mama, nitakula nikirudi."

"Ukirudi na nani?" M'Zagabe aliuliza, sauti ya chini. "Fungu ya mutu mwenye anafungwa mu kasho, bibi yake anaikatala? Unataka tuanze kumulilia?"

Kwa Bashi wa nyumba ile, kukataa fungu la asiyekuwapo kulikuwa sawa na kumzika. Aurore alikula. Alilamba hata vidole, maana mzee alikuwa anamtazama.

Kambini walimweka juani muda mrefu. Cheche ndogo ikaanza kucheza pembeni mwa jicho lake, ikawa mstari wa meno ya msumeno, ukaanza kutambaa. Aliutambua, kwani mara ngapi ameuchora ubaoni? Ni wimbi linalopita juu ya ubongo polepole, na kila linapopita seli hupiga kelele, kisha hunyamaza. Akakumbuka pia triptofani, asidi amino ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini. Kwa wiki zile za sombe tupu, yale majani ya muhogo, bila samaki, ubongo wake ungeitoa wapi? Dawa ya kweli ilikuwa imekwisha katika maduka yote tangu ndege ziache kutua. Alitafuna paracetamol mbili bila maji. Alijua kila kitu, na hakuweza lolote.

"Maman profesa, sema," alisema komanda walipomwingiza ofisini.

Hotuba alikuwa ameipanga usiku kucha. Alifungua kinywa. "Mlango," alisema. Hakuwa amekusudia mlango. Akajaribu tena: "Mlango... mlango wangu... maji." Nusu ya uso wa komanda ilikuwa imefutika nyuma ya ile nuru. Wimbi lilikuwa limefikia maneno; ulimi wa Aurore ulilala kinywani kama wa mtu mwingine.

"Asubui yote hii umeshakunywa kasiksi?" komanda aliuliza, na askari wakaangua kicheko. "Angalieni mwalimu! Hata pombe ya ndizi inamushinda!"

Aurore akatapika mbele ya buti za komanda. Hapo hakukuwa tena na shauri la kusikilizwa. Kwa dirisha alimwona Bisimwa akisukumwa lorini, akigeuza shingo kumtafuta. Alitaka kumwita, na jina lake lenyewe halikuja.

Maneno yalirudi jioni, yote, safi, ya kazi gani? Sebuleni M'Zagabe alikaa sakafuni, nyayo zake zimepasuka kwa mwendo. Modeste alisimama.

"Ulinyamaza, shemeji. Weye mwenye unasemaka kuliko redio! Piga magoti, uombe mama musamaha."

Aurore aliangalia zile nyayo. Angeweza kusema: ni mashanza yako, mama. Na pengine si mashanza peke yake. Ilikuwa njaa, usiku bila usingizi, jua la kambini, woga. Ubongo hujumlisha vyote, wala haumwambii mtu ni kipi kilichozidisha. Hangemtwisha mzee yule mzigo ambao yeye mwenyewe hakuweza kuuthibitisha. Wala yeye hangejitwisha kosa ambalo hakulitenda.

"Mama alikuzalia bwana," Modeste alisisitiza. "Omba musamaha!"

"Hapana," alisema Aurore. "Siombi msamaha."