Sare ya Mhariri

Lile gereza la zamani lilipogeuzwa kuwa makumbusho, watu wa mtaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani, walisema, atatoa hela yake kwenda kuingia mahali ambapo zamani watu walihonga ili wasiingie? Lakini wageni walikuja, tena kwa makundi. Walikuja kwa ajili ya vigogo waliowahi kulala humo. Kulikuwa na mpiga gitaa aliyetunga nyimbo zake tamu kuliko zote bila gitaa. Kulikuwa na jambazi aliyetoroka mara mbili kwa kuchimba ukuta na kijiko, akarudishwa mara mbili, na wanasema mara ya pili aliuliza kijiko chake kiko wapi. Na juu ya wote kulikuwa na Mhariri, yule mwenye gazeti aliyekataa kufumba mdomo, akafungwa, akatoka na mvi, akaishia kuwa waziri.

Mhariri alipofariki, wanawe walileta sare aliyofungwa nayo. Ilikuwa imekaa sandukuni miaka yote, nondo wameitafuna mgongoni, kola imechakaa. Mkuu wa makumbusho, bwana mpole wa miwani, aliikunja vizuri, akavuka barabara, akaingia nayo kwenye duka la Fundi.

Huyu Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, aliyerithi cherehani ya baba yake na ulimi wa mama yake. Wateja wote walikubaliana kwamba kati ya hivyo viwili, cherehani ndiyo iliyokuwa na kelele kidogo.

"Itengeneze iweze kuonekana na watu," Mkuu alimwambia. "Kola hii, ukiona haifai, itoe kabisa uweke nyingine."

"Wiki ijayo, tukijaliwa afya," Fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha pili kilikuwa cha mama yake, na dirisha la chumba hicho lilitazama barabara na ukuta wa gereza ng'ambo yake. Dirisha hilo lilikuwa limefungwa tangu Fundi akiwa mtoto. Rangi imepakwa juu ya rangi mpaka mbao zimeshikana na fremu. "Vumbi," mama alisema kila alipoulizwa, na mama alikuwa mtu ambaye akishasema vumbi, basi ni vumbi.

Nyuma ya mlango wa chumba hichohicho kulikuwa na msumari. Baba alikuwa akitundika koti lake hapo. Tangu aondoke, hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu. "Huo una mwenyewe," mama alikuwa akisema, halafu, kama mtu aliyejifumania, aliongeza tusi.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa hivi. Baba naye alikuwa fundi cherehani. Asubuhi moja, miaka ile ya migomo na vyama vilivyopigwa marufuku, alijitia futi ya kupimia shingoni akasema, "Naenda kumpima mteja, nakuja sasa hivi." Hakurudi. Mama alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa hawamjui. Akaenda hospitali, hayupo. Kisha jirani mmoja, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akaapa kwamba alimwona kituo cha mabasi na mwanamke mwenye sanduku. Mtaa mzima ukaidaka habari ile. "Vipimo gani hivyo visivyokwisha?" watu waliulizana, wakacheka. Mama mwanzo alikataa. Baadaye akaamini, kwa kuwa mtu aliyekimbia na mwanamke yuko hai, na mtu aliye hai unaweza kumtukana, na matusi yalimpa nguvu ya kuamka na kulea.

Fundi hakuwahi kumtukana baba yake. Alimtamani tu. Alizitamani hata harufu za sabuni na mafuta ya cherehani shingoni mwake, na mpaka leo, akipita mwanamume mwenye futi begani, moyo wake hushtuka kabla akili haijamkanya.

Sasa akaiweka sare ya Mhariri mezani, akachukua wembe, akaanza kufumua kola. Alipoigeuza, akauweka wembe chini.

Chini ya kola kulikuwa na kitanzi kidogo cha kutundikia nguo. Kimesokotwa kwa uzi wa nyuzi mbili, kimeshikizwa kidogo upande wa kulia, si katikati, na mishono yake imelala kinyume na ya watu wote, kama anavyoshona mtu wa shoto.

Baba yake alikuwa wa shoto. Na kitanzi kile kilikuwa na historia. Zamani mama alimfokea sana kwamba nguo akizitundika kwenye msumari zinatoboka kola, na hakuoa mke ili amfanye mtu wa viraka. Tangu siku hiyo baba akawa anatia kitanzi kwenye kila nguo, yake, ya mkewe, hata za wateja ambao hawakuomba. Mafundi wenzake walimcheka. Walimwita Bwana Kitanzi. Aliwajibu kwamba wao hawalali nyumba moja na yule mwanamke.

Fundi alikaa na ile kola mkononi mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali akaondoka zake bila kuhudumiwa. Kisha akavuka barabara.

"Hizi sare zilishonwa wapi?" akamwuliza Mkuu.

"Humuhumu. Wafungwa wenyewe walizishona. Kulikuwa na karakana upande ule wa barabarani."

"Majina ya waliofungwa mnayo?"

"Ya vigogo tu. Vitabu vya wengine vilichomwa kabla hatujakabidhiwa majengo." Mkuu akamtazama vizuri. "Kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu. Nimeuliza tu."

Kulikuwa na kitu, tena kizito. Kama akimwonyesha mama na mama akasema si mkono wa baba, basi baba atapotea mara ya pili. Na kama mama akisema ndio wenyewe, itakuwaje? Mama atajua kwamba maisha yake yote amemtukana mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara, amefungiwa, hawezi kujibu. Mama alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yamefifia, moyo nao si wa kuchezewa. Siku kadhaa Fundi alishona nguo za watu wengine, sare ikiwa imefunikwa. Mwishowe alipiga moyo konde. Aliuziba mgongo ulioliwa na nondo, akairudishia kola ileile, na kitanzi hakukigusa.

"Mama, leo nakupeleka makumbusho."

"Kuna nini huko? Nimekaa mbele ya ukuta ule maisha yangu yote na sijawahi kuutamani."

"Twende tu, mama."

Mama alivaa viatu huku akilalamika, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kukubali.

Chumba cha Mhariri kilikuwa chembamba, na kitanda cha saruji na dirisha la nondo za chuma juu kabisa. Mwongozaji wa wageni, jamaa waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikwisha kuanza: hapa ndipo Mhariri alipolala, hapa ndipo alipokariri makala zake kichwani kwa kukosa karatasi, hapa ndipo… Mkuu akamgusa bega. Redio akanyamaza, na wanaomfahamu wanasema ilikuwa mara yake ya kwanza.

Fundi akaiweka sare mikononi mwa mama yake.

"Hii ndiyo nguo ya Mhariri. Mimi nimeitengeneza. Ishike."

Mama akaishika kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa wageni. Akapapasa bega, akapapasa mkono. Vidole vikafika kwenye kola, vikaingia chini yake, vikasimama.

 Vidole vilizunguka kile kitanzi, vikakivuta taratibu, vikafuata mishono ilivyolala. 

Kisha mama akainua uso, akaanza kuzitazama kuta kwa macho yake mabovu, moja baada ya nyingine.

"Msumari uko wapi?"

"Bibi, humu hamkuwa na msumari," Redio akasema kwa upole. "Hakuna chumba kilichokuwa nao. Waliogopa wafungwa watautumia vibaya. Nguo zilikunjwa tu zikalaliwa."

"Hata aliyeshona alijua hivyo?"

"Alijua, bibi. Naye alilala chumba kama hiki."

"Sasa kitanzi cha nini?" mama akauliza, na hakuwa akiwauliza wao. "Wa kazi gani huyu mtu? Anajua hakuna pa kutundika, na bado anashona. Kwa sababu nilimfokea. Nilimfokea siku moja tu!"

Akaketi kwenye kitanda cha saruji, sare mapajani, akalia. Fundi alipiga magoti akamkumbatia kiunoni, naye akalia kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya huyu mwanamke mkali ambaye hakuwahi kumwona akilia.

"Karakana ilikuwa wapi?" mama aliuliza baadaye.

Mkuu akaonyesha upande wa barabara. "Pale, mkabala na nyumba yenu."

"Basi nilimsikia," mama akasema. "Zilikuwa zinalia mchana kutwa, cherehani. Nikasema hata gereza linanicheka. Zilinikumbusha yeye, nikashindwa kuvumilia. Nikafunga dirisha."

 Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alisema angependa kuandika chini ya sare jina la aliyeishona, lakini bila kumbukumbu haruhusiwi. Mama akatikisa kichwa.

"Usiandike. Jina lake ninalo. Wewe itundike tu. Usiivalishe sanamu. Pigilia msumari, uitundike kwa kitanzi chake."

Mkuu akaahidi, na alitimiza.

Walivuka barabara polepole, wameshikana mikono. Nyumbani mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya dirisha, akaita, "Lete kisu."

Fundi alikata rangi kuzunguka fremu, akasukuma, akapiga kwa ngumi, mpaka mbao zikaachia kwa mlio mkubwa na jua la jioni likaingia hadi kitandani. Ng'ambo ulikuwepo ukuta, na juu yake dirisha refu la iliyokuwa karakana.

Mama akavuta kiti, akaketi akiwa ameuelekea ukuta.

"Lete cherehani ya baba yako."

Waliikokota pamoja na meza yake kutoka dukani, wakaiweka chini ya dirisha.

"Sasa shona," mama akasema.

"Nishone nini, mama? Hakuna kitambaa."

"Shona tu, mwanangu. Na yeye asikie."