Mlio wa Kotina

Jumapili ile Masese aliamini kwamba akili imeanza kumtoka.

Alikuwa katika jiko la zamani, kile chumba cha udongo nyuma ya nyumba yake pale Nyaramba, ameinamia bloku ya injini iliyolazwa juu ya meza ya mbao. Ilikuwa injini ya Kotina, gari la marehemu babake. Ijumaa alasiri alijaribu kutia pistoni mpya kwenye silinda zote nne, na zote zikakataa. Zilibana kwa kiasi cha unywele. Sasa, Sabato ikiwa imekwisha na dhamiri yake safi, alikuwa amechukua drili yenye mawe ya kusugulia, akasugua kila silinda kidogo tu, kwa kadiri aliyokusudia, akafuta vumbi, akatia pistoni. Ikateremka yenyewe mpaka chini, ikagonga meza ko!

Akaitoa, akaitia tena. Ikaanguka vilevile, bila aibu.

Mtu mwingine angetukana. Masese alikaa juu ya mtungi wa maziwa, akashika kichwa. Chuma ukishakila hakirudi, hilo alilijua. Asilolijua ni nani aliyekila. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa chini ya jiwe lake palepale. Jana yote alikuwa kanisani, tangu shule ya Sabato mpaka wimbo wa jioni. Basi ama alisugua Ijumaa akasahau, ama leo alisugua mara mbili bila kujua. Na kusahau, katika nyumba ile, halikuwa jambo la mzaha.

Mamake, Mong'ina, alikuwa ameanza hivyohivyo. Kwanza alisahau chumvi, kisha majina ya wajukuu, kisha akasahau kwamba mumewe, Mzee Onyiego, alikwishazikwa pale karibu na migomba, na majani ya chai yamechumwa misimu mingi juu ya msiba ule. Kila jioni aligeuza kiti chake kikatazama barabara, akauliza, "Baba yenu amefika?"

Masese alikuwa ameishi maisha yake yote mbali, kwanza shule ya bweni, kisha kwenye malori ya chai kule Kericho. Aliporudi nyumbani na mvi zake, swali lile lilimchoma moyo. Akatafuta jibu la upole, akalipata. "Yuko njiani, mama."

"Nitakula aje sasa, kama yuko njiani?" mama husema, na sahani husukumwa pembeni.

Hivyo ndivyo mwanamke yule alivyokuwa akikonda. Nguo zilianza kumvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Daktari alimpima, hakuona ugonjwa, akasema tu kwamba asipokula, mvua za vuli hazitamkuta. Masese akawaza usiku na mchana. Mke mwema wa zamani, alijiambia, hali kabla mumewe hajanawa mikono. Basi mumewe na afike! Kotina imeoza chini ya mkaratusi, lakini ikinguruma tena pale uani, mama atasikia, atajua bwana amerudi, atakula. Mpango huo ulimtoa machozi kwa uzuri wake. Usilolijua, wahenga walisema, ni kama usiku wa giza. Lakini Masese alidhani ni mchana kweupe.

Dada yake Bathsheba, aliyeolewa Nyansiongo, hakutoa chozi hata moja. "Wauzie watu wa chuma chakavu hiyo takataka," alimwambia kwenye simu.

"Ni gari ya baba, Bathsheba."

"Najua ni ya nani. Wewe hukukaa hapa." Akakata simu. Masese akaitia simu mfukoni. Roho gani hii, ya kumchukia mtu hata vyuma vyake?

Aliyemwelewa ni Ogweno, mchomeleaji wa soko la Kebirigo, mtu wa Homa Bay, rafiki yake tangu enzi za malori. Pistoni za zamani za Kotina zilikuwa hazipatikani. Ogweno akapata nyingine za injini tofauti, nene kidogo, akasema bloku ikipanuliwa zitaingia. Mjini Kisii kuna mashine ya kazi hiyo, lakini Masese hakutaka kitu cha babake kilale kwa watu. Tena alikuwa na nia moja zaidi. Kotina ya mzee ilikuwa na kilema cha kugonga, ko-ko-ko, tangu siku iliponunuliwa kwa mzungu aliyekuwa akihama. Bonde zima liliijua kwa kugonga huko. Pistoni zikikaa sawasawa, kugonga kutakwisha. Mzee arudi nyumbani kwa heshima.

Na sasa pistoni zilikuwa zinacheza ndani ya silinda kama mguu wa mtoto ndani ya gambuti.

Mchana akaingia ndani kumpelekea mama chai. Mama akamwita karibu. "Jana kulikuwa na mtu jikoni," akanong'ona. "Alikuwa anasaga wimbi."

"Mama, jana tulikuwa kanisani."

"Wewe ulikuwa kanisani. Mimi nilikuwa hapa."

Masese akamfunika magoti kwa shuka, kwa huruma, kama tunavyowafunika wazee tusiotaka kuwasikia. Wimbi gani, na jiwe la kusagia lilivunjika tangu zamani? Akatoka akiwa na hofu mpya: wote wawili sasa, mama na mwana, chini ya paa moja.

Jumatatu jioni Ogweno alipofika na kuona pistoni ikianguka, naye aliduwaa. Akapima nafasi, akapima tena. Halafu akamtazama Masese kwa jicho la mtu aliyeiba kuku akaulizwa habari za manyoya.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hii umeisugua tena?"

"Tena? Nimeisugua jana. Mara moja."

"Mungu wangu. Mimi niliisugua Jumamosi."

Masese akaiweka pistoni mezani.

"Uliingia hapa siku ya Sabato?"

"Nilikuwa na nafasi, na ufunguo najua unakaa chini ya jiwe. Jumapili mimi ni wa Misa, wewe unajua. Nikasema nikumalizie, ukija upate iko tayari. Lakini nyinyi watu wa Sabato mnasema hata mgeni ndani ya boma asifanye kazi. Nikaona nikikwambia, dhambi itakuwa yako. Nikinyamaza, ni yangu."

Masese alitaka kukasirika, akashindwa. Alikuwa na furaha mno kwamba akili yake iko salama. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hebu fikiria rafiki wawili wacha Mungu, kila mmoja na siku yake takatifu, wamekila chuma kimoja mara mbili kwa ajili ya kuheshimiana! La kuvunda halina ubani. Wakakubaliana waifunge injini hivyohivyo. Itagonga, lakini itawaka.

Akiwa bado anacheka, neno la mama likamrudia. Anasaga wimbi. Mawe, drili, mngurumo ule mzito wa chuma. Alikuwa amesema kweli tupu. Masese akaacha kucheka, kisha akalipuuza neno lile, akachukua spana.

Siku ya kuwasha, Bathsheba alikuja na maziwa kumwona mama. Hakutazama gari hata kidogo. Alipita moja kwa moja ndani. Jua lilikuwa linashuka, na wachumaji wa chai walikuwa wanarudi na vikapu vitupu. Ogweno akaunganisha betri. Masese akazungusha ufunguo. Kotina ikakohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, kisha ikashika.

Ko-ko-ko-ko.

Masese akaganda na mikono juu ya usukani. Mlio ulikuwa uleule. Si kufanana, uleule, wa utotoni, uliopanda kutoka mtoni kila alipokuwa nyumbani likizo. Kosa lao lote lilikuwa limemrudisha mzee mzima mzima, hata kilema chake. Akalia kwa furaha. "Mama!" akaita, akakimbia ndani. "Mama, amefika!"

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa chini, chai imemwagika. Mezani kulikuwa na sahani moja tu, iliyofunikwa vizuri, na kando yake maji ya kunawa na taulo lililokunjwa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Akawakuta kwenye migomba. Mama alikuwa amechuchumaa katikati ya mashina, kiganja chake kimemziba Bathsheba mdomo. Na Bathsheba, mama wa watu, mwenye wajukuu, alikuwa amechuchumaa naye, ameshika goti la mamake, anatetemeka. Hakuwa anaigiza.

"Rudi bweni," mama akamwambia Masese kwa sauti ya chini. "Nilikupeleka ili usiwe hapa. Nani alikurudisha?"

Bathsheba akautoa mkono wa mama taratibu. "Zima gari," akasema. "Tafadhali. Zima hiyo gari."

Akaenda akaizima. Ogweno akamuuliza kitu, hakusikia. Bonde likanyamaza, na katika kimya kile Masese akahesabu jioni zote alizomjibu mamake kwa upole kwamba yuko njiani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Walimrudisha mama ndani, wakamkalisha. Giza lilikuwa linaingia. Akageuza kiti, akatazama barabara.

"Baba yenu amefika?"

Masese akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Haji, mama. Alikufa. Haji tena."

Mama akamtazama machoni. "Umeona kaburi?"

"Nimeliona."

"Hata kesho haji?"

"Hata kesho."

Akashusha pumzi. Kisha akavuta ile sahani iliyofunikwa, akaifunua mwenyewe, akaanza kula.