Sura Iliyochapishwa

Kanchanben aliifungua bahasha ya posta akiwa amesimama mlangoni, mikono bado ina unga wa uwele. Ndani mlikuwa na stempu ambayo ingezinduliwa Jumapili mjini kwao kumuenzi baba yake, mshairi Velji Ravaliya, aliyezunguka rasi ya Kathiawar nzima kwa miguu akikusanya nyimbo za wachunga ngamia na za wanawake wasagao nafaka. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. Jina lilikuwa la baba yake. Sura ilikuwa ya baba yake mdogo, Raghavji, aliyeuza pamba: masharubu yaliyosokotwa, kilemba kikubwa kama kikapu.

Velji hakufuga masharubu maishani mwake. Alikuwa na uso mwembamba wenye kovu kidevuni, na akiona kamera alitoka nje. Picha yake moja tu, aliyopigwa bila kujua, ilichukuliwa na mafuriko pamoja na nusu ya nyumba.

Kanchanben alivuka mtaa hadi kwa binamu yake Harshad, mwana wa Raghavji. Alimkuta akinywa chai kwenye kisahani.

"Kaka, picha uliyowapa watu wa posta uliitoa wapi?"

"Si ile ya pale ukutani? Waliniuliza kama nina picha ya mshairi, nikawapa. Siku zote nimejua ni ba'mkubwa."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Nilidhani tu. Nani mwingine katika ukoo huu angetundikwa ukutani?"

"Yule ni baba yako."

Raghavji alikufa Harshad akiwa bado ananyonya, na Velji akamfuata kabla mtoto hajaweza kuishika sura yake. Harshad aliweka kisahani chini, akaishika stempu kwa ncha za vidole. Aliitazama mpaka chai ikaota utando.

"Kumbe tunafanana," alisema mwishowe.

Kanchanben alikuwa amekuja na maneno makali. Akamwacha, akaenda posta.

Bwana Pathak, mkuu wa posta, alimkaribisha kiti na kumsikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini, mama. Lakini zimeshachapishwa, zimeshasambazwa nchi nzima, na waziri yuko njiani. Nikipiga simu huko juu, wataniuliza picha sahihi iko wapi. Unayo?"

"Sina."

"Sasa niwaambie nini?"

"Waambie binti yake amesema."

Bwana Pathak hakuishika simu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kanchanben alimkalisha mama yake mbele, bibi kizee aliyekwisha kupofuka, amevaa sari nyeupe ya ujane. Waziri alivuta kitambaa, na sura ya Raghavji ikatokea kubwa kama mlango. Watu wakapiga makofi. Wazee wachache waliomjua Velji walitazamana, kisha nao wakapiga.

"Ni yeye?" mama aliuliza. "Wamempatia?"

"Wamempatia, Ba," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Na kovu? Au wamelificha, wakaona haya?"

"Lipo."

"Nilimwambia asimsogelee yule ngamia. Hakuwa mtu wa kusikia." Bibi alicheka, akaufuta uso kwa ncha ya sari. "Haya, nielezee. Anatazama wapi?"

Kanchanben alimwelezea sura ya baba yake kama ilivyokuwa: mashavu yaliyobonyea, jicho moja dogo kuliko lenzake. Alikuwa akiongea huku macho yake yako kwenye yale masharubu jukwaani, na safu ya nyuma Harshad analia waziwazi, watu wakimpongeza kwa kumpenda ba'mkubwa wake kiasi kile.

Baada ya hapo mama alimtaka amwelezee hivyo kila jioni. Mwanzoni ilikuwa rahisi. Lakini sura ya stempu ilikwisha kuenea, kwenye barua, kwenye ukuta wa shule, kwenye kalenda ya duka la mbegu, na jioni moja Kanchanben alifumba macho amtafute baba yake, akaja Raghavji. Akamfukuza. Akarudi.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza. "Endelea, mwanangu."

"Subiri kidogo, Ba," alisema, na akabaki amefumba macho, anatafuta.