Wimbo wa Achiek Kwenye Simu ya Majaribio

Mimi huwa siamini simu inayojisifu kwenye boksi. Hii ilifika Lodwar na picha ya msichana anayecheka huku amekumbatia redio, na Ekidor, mwenye duka ninalouzia, akanituma nikae nayo Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, niijaribu kwa watu. Nikirudi nimwambie aagize mzigo au aachane nayo. Ilikuwa 2013. Serikali ilikuwa imezima simu feki miezi michache kabla, na watu wengi walibaki na vipande vya plastiki visivyopiga wala kupigiwa. Walitaka simu halali ya bei ya chini, na Ekidor alitaka kuwahi kabla wengine hawajanusa.

Niliitendea haki. Tochi yake ilimulika vizuri. Betri ilidumu. Kamera nilipojipiga ilinipa pua ya ngamia, nikaifuta ile picha haraka. Lakini jambo lake hasa lilikuwa redio. Simu nyingine haishiki stesheni mpaka uchomeke waya za masikioni, ukasikia peke yako kama mchoyo. Hii ilikuwa na antena ya kuvuta na spika pana mgongoni. Njiani ilikoroma tu, lakini kambini ilishika bila taabu.

Niliifanyia majaribio kwenye meza ya Arek, mama wa Kidinka kutoka Bor, Sudan Kusini, aliyeuza chai upande wa soko la Wasudani. Wateja wake ni watu wa kukaa, na ndio niliowahitaji. Mwalimu Mou, jamaa wa kwao, alinitafsiria.

"Ejok, dada Nakeno," Arek alinisalimia kwa Kiturkana chetu. "Kaa. Chai iko."

Arek alikuwa mjane. Mumewe, Achiek, alirudi Bor nchi yao ilipopata uhuru, akaenda kuchunga ng'ombe wa ukoo huko malishoni kusikofika mtandao. Kisha Manyok, mdogo wake Achiek, akaenda kumsalimia, akarudi na habari kwamba wezi wa mifugo wamemuua. Arek akanyoa kichwa, akakaa matanga. Kwa desturi yao mjane haendi kuolewa kwingine. Ndugu wa marehemu huingia katika nyumba ile, na watoto watakaozaliwa huitwa wa marehemu, jina lisipotee. Jumamosi ya wiki ile wazee wangemkabidhi Arek kwa Manyok.

"Na wewe unataka?" nilimuuliza. Sina adabu ya kuzunguka.

"Kutaka yangu ilikufa na yeye," alijibu, akaendelea kuosha vikombe.

Manyok mwenyewe alikuwa pale kila siku, miguu ameinyoosha, anaagiza chai kama mwenye nyumba. Mou aliniinamia. "Huyu hana hata ndama. Msichana atamwoa na nini? Mjane wa kaka, ng'ombe yake ya mahari ilishatolewa zamani."

"Mkono mtupu haulambwi," nilisema, "lakini wa huyu naona umepakwa asali."

Tulicheka. Najuta kucheka kule mpaka leo.

Redio ya kambi ilikuwa na kipindi cha Kidinka, na meza ilikuwa imejaa. Nikaona huu ndio wakati wa kupima spika. "Ongeza mpaka mwisho," nilimwambia Arek. Mtangazaji akasema maneno yake, halafu sauti ya mwanamume ikaanza kuimba, nzito, bila ngoma.

Meza nzima ikaganda. Mzee mmoja alishika kikombe hewani, chai ikimmwagikia mapajani, asijali. Hata kwenye duka la Msomali mkabala watu waligeuka. Mimi, mjinga wa biashara, moyo ukanidunda kwa furaha. Spika gani hii! Ekidor, leta mzigo!

"Haya, Arek," nikasema, "kwa kumi, sauti hii unaipa ngapi?"

Arek alisogeza sikio kwenye spika.

"Nakeno, nyamaza," Mou akasema. Hakuwahi kuniambia hivyo. "Huyo ni Achiek."

"Marehemu?" Nilijikaza. "Si kanda ya zamani? Redio hupiga nyimbo za wafu kila siku."

"Mtangazaji amesema ilirekodiwa Bor, Pasaka hii. Dereva wa lori ndiye ameleta. Na huu ni wimbo wa maksai wake mweupe. Kwetu mtu haimbi maksai wa mwingine."

"Anasema nini?"

Wimbo ukaendelea. Nilimshika Mou mkono, nikamtikisa.

"Anasema, maksai wangu, nilikulea kwa ajili ya uzuri, na leo nimekuchinja kwa ajili ya msiba. Anasema, Arek, mama ya watoto yangu, umezikwa Kakuma, na mchanga si mimi nilitia."

Nilimwangalia yule maiti anayeimbwa. Alikuwa mbele yangu, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nani alimwambia amekufa?" nilinong'ona.

Mou hakunitazama. Alikuwa anamtazama Manyok. "Anaimba, mdogo wangu ndiye alitembea mpaka malishoni kunipa habari. Tumelia pamoja."

Mungu wangu. Mtu mmoja, safari moja, makaburi mawili. Na yote kwa kukosa ng'ombe! Nilitaka kumrukia.

Manyok alikuwa amesimama. Uso ulimpauka, akanyoosha mkono kwenye simu. "Shemeji, zima hiyo kitu. Mimi nitakueleza. Zima kwanza."

Arek aliifunika simu kwa viganja vyote viwili, akiacha spika wazi. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Angeweza kusema Kidinka, lakini alisema Kiswahili, Mkongo na Msomali na Mturkana wote wasikie.

"Manyok, kaa chini. Bwana yangu bado ananililia. Wacha amalize."