Viganja vya Rangi ya Chungwa

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi gauni la harusi, mama wa bibi harusi akamshika mkono na kuugeuza.

"Fundi, mbona viganja vya njano hivi?"

"Njano? Hii ni chungwa kabisa!" Fundi akacheka. Nyayo zake nazo zilikuwa hivyo hivyo, lakini alikuwa anakula vizuri na analala fofofo.

Yule mama hakucheka. "Huo ni ugonjwa wa ini, dada, usije ukatuambukiza. Samahani, nina mtoto wa kuoza." Akalikunja gauni, mkono wake mmoja ukiwa bado haujashonwa, akaondoka nalo.

Hilo lilimuuma fundi. Nyumbani, wifi yake alipoisikia habari hiyo akaanza kulia.

"Wifi, usinizike, bado mzima," fundi akasema. "Kesho tunakwenda kupima."

Daktari, mama wa makamo, alimvuta kope la chini. "Tazama juu. Macho meupe pee. Ini lingekuwa na shida, weupe huu ungekuwa umegeuka manjano. Unakula nini kila siku?"

"Nyanya. Nazipika na mafuta mpaka ziwe rojo."

"Anazifakamia, daktari!" wifi akadakia. "Asubuhi, mchana, jioni! Amesikia ni nzuri kwa moyo."

Daktari akatabasamu. "Wekundu wa nyanya unaitwa likopeni. Kwenye nyanya mbichi umejifungia ndani. Moto unaulegeza, mafuta yanaubeba, na utumbo mwembamba unaufyonza pamoja nayo mpaka kwenye damu. Mwingine unakaa kwenye ini, mwingine kwenye mafuta ya mwili na ngozi. Mwili unauvunja polepole, na wewe unaujaza mbio mbio, ndiyo maana unaonekana viganjani."

"Ni sumu?"

"Hapana. Punguza, uchanganye na vyakula vingine. Rangi itaondoka yenyewe."

Hata hivyo alimpima damu. Ini halikuwa na tatizo lolote.

Fundi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akabisha hodi.

"Nimekuja kumalizia gauni."

Mama akasita mlangoni. Fundi akavuta kope lake mwenyewe. "Tazama. Ni nyanya tu, shoga yangu. Nimezila mpaka zimenipaka rangi!" Akamweleza yote, tangu sufuria hadi damu.

Bibi harusi akatokea chumbani, akakichukua kiganja cha fundi na kukisugua kwa kidole gumba. Hakuna kilichotoka.

"Mama, mpishe fundi aingie. Hakuna fundi mwingine aliyekubali kumalizia kazi iliyoanzwa na mwenzake."

Mama akainamisha uso. "Nimekukosea, dada."

"Ulimwogopea mwanao. Ningekuwa wewe, labda ningefanya hivyo hivyo. Haya, leteni sindano."

Alishonea palepale sebuleni. Mkono wa gauni ulikaa sawasawa begani, hata bibi harusi akajizungusha mara mbili mbele ya kioo.

Siku ya harusi viganja vilikuwa bado na rangi ile. Fundi aliviinua juu na kupiga makofi mbele ya watu wote, na mama wa bibi harusi akasogea kumpa nafasi ya kukaa pembeni yake.