Kigiriki cha Muturi

Ndugu yangu Muturi alienda chuo cha Biblia muhula mmoja tu, akarudi kwetu Matisi, pale Kitale, na Kigiriki. Wengine hurudi na wokovu. Yeye alirudi na asili ya maneno, na tangu siku hiyo hapakuwa na neno la Kiingereza lililopita nyumbani kwetu bila kuulizwa babu yake ni nani.

Ukipaka mkate siagi, anakuambia "butter" ni Kigiriki, ni jibini la ng'ombe. Mtoto akienda shule, anacheka: kwa Wagiriki wa kale "school" ilikuwa kupumzika. Kanisani alisimama akamweleza shemasi wetu, mzee Kiragu, mbele ya watu wote, kwamba "deacon" maana yake ni weita. Kiragu, ambaye hata Biblia yake hubebewa, hakutusalimu mpaka Pasaka. Mimi nilijisemea, afadhali akosane na kanisa kuliko kuniharibia yangu. Nilisema mapema mno.

Mwaka huo, 2006, Hillary Wabwile wa Bungoma aliniposa. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo siku ya kwenda kuona boma la wakwe, msemaji wetu alikuwa Muturi. Nilimpenda Hillary kwa moyo wote, na nilijua kila kitu kiko mikononi mwa babake, Mzee Eliakim. Mzee akikataa, Hillary si mtu wa kubishana. Njiani nikamwonya Muturi: "Huyu mzee amesimama udiwani mara tatu, ameanguka zote, na mwaka ujao anasimama tena. Tafadhali usiguse siasa." Akaitika "mm", kisha akaendelea kumweleza dereva kwamba "clinic" ni kitanda. Masikio ya msomi ni ya kushikilia miwani.

Nyumbani kwa kina Hillary, upande wa Kibabii, tulipokelewa vizuri. Harufu ya kuku ilitoka jikoni, nami nikaanza kujiona nimeshaolewa. Mzee Eliakim, aliyekuwa ameweka kofia yake juu ya goti, akajitambulisha.

"Mimi ni mtu wa watu, bana. Nimeomba kula hapa mala tatu. Watu wakaninyima."

Kila mtu pale alijua mzee anasema kura. Kwao r na l hubadilishana viti, na sisi Wakikuyu hatuna mdomo wa kumcheka mtu kwa hilo. Lakini Muturi alisikia chakula. Nilimwona akitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, mzee. Watu wengine ni wachoyo, hawataki mwingine ashibe."

"Si ndiyo hiyo!" Mzee akafurahi. "Wanataka kula peke yao!"

Wakashikana mikono. Katika nchi yetu watu wawili wanaweza kuongea hivyo hadi jioni, mmoja kura na mwingine kula, wasipishane hata kidogo. Laiti Muturi angebaki kitini.

Akasimama kutoa shukrani. "Mzee wetu hana makuu. Analima shamba lake, chakula ananyimwa, na bado anatupikia. Kwa Kigiriki cha kale, mzee, wewe ni idiot."

Hillary aliinamisha kichwa. Mamake, Mama Nasimiyu, alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Neno hilo kwetu halihitaji kamusi. Kila aliyefundishwa hesabu kwa kiboko analijua.

"Ati mimi ni nini?"

"Ngoja kwanza, mzee! Wazungu ndio waliliharibu neno. Kwa Wagiriki lilikuwa 'idiotes', mtu wa nyumbani kwake, asiye na cheo. Yaani mtu ambaye umma haujampa kiti chochote."

"Haujanipa kiti."

"Hata kimoja!" Muturi akasema kwa tabasamu.

Kwa Kiingereza alikuwa amemtukana mzee. Kwa Kigiriki alimsomea matokeo ya uchaguzi.

Mzee akavaa kofia. "Hillary, sindikiza wageni."

Na Hillary wangu akainuka kweli. Hasira ilinipanda, nikawakasirikia yeye, Muturi na Wagiriki wote kwa pamoja. Msichana aliyepelekwa kuona boma hutazama chini na kunyamaza. Nikasema.

"Baba, ndugu yangu alidhani ulinyimwa ugali. Siasa hajui. Mimi najua. Na nikiolewa hapa, nitahamisha kadi yangu ya kura kutoka Kitale."

Mzee akanitazama. Akaivua kofia polepole.

"Kadi unayo?"

"Ninayo, baba."

"Si mkae, basi. Kuku itapoa."

Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa katika boma la Wabwile, kama mpiga kura.

Tulipomaliza kula nilienda jikoni kuosha vyombo, nikijua nitasutwa kwa kufungua mdomo mbele ya wazee. Mama Nasimiyu akafunga mlango.

"Ile neno ya ndugu yako," akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya Kigiliki. Ati ni mtu ya kukaa kwake nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Tusamehe sana."

"Msamaha ya nini? Kila kampeni hapa inakula ng'ombe. Ile ya mwisho ilikula yenye nilikuwa nakamua. Na yeye anapotea huko miezi, anarudi amekonda, anageukia ukuta, hasemi na mtu." Alisugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Mimi nimepiga kula mala tatu, mama. Hata siku moja sijampatia."

Sebuleni mzee alikuwa akimweleza Muturi jinsi atakavyoshinda safari hii, naye Muturi akimweleza "democracy" ilianzia wapi.

"Mimi nataka huyo idiot yangu," Mama Nasimiyu akasema, na machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kiwiko, akanipa kitambaa cha kukaushia vyombo. "Hiyo kadi yako, halakisha uilete. Peke yangu nimechoka."